Mwanangu anajua kuendesha baskeli

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nishike simu na kuandika. Ni binti wa miaka tisa na anajua kuendesha baskeli. Kajifunza akiwa na mitano, uchochoroni nyuma ya nyumba yetu, mbele ya macho ya babu yake ambaye ni fundi baskeli tangu mie sijazaliwa. Kwa hiyo kijana aliyesimama mbele yangu kule Pemba, damu inamtiririka mtoto kidevuni, akanambia "Bi mkubwa, mtoto mwenyewe hajui kuendesha", huyo kanikosea mie, kamkosea mtoto na kamkosea mzee wangu.

Jina la pahala silitaji. Kuna watu wawili pale walitutendea wema ambao sijausahau, na sitaki wakose riziki kwa makosa ya wengine. Ni kijiji cha mapumziko upande wa Konde, karibu na msitu wa Ngezi, mabanda ya makuti yametawanywa chini ya miti. Wanauza likizo ya familia: unalipa kwa siku, na ndani yake mna chakula na shughuli za watoto. Baskeli, mtumbwi kwenye mikoko, kutembezwa msituni mchana na usiku.

Tulikwenda likizo ya skuli iliyopita, mie, baba watoto na watoto watatu. Pesa tulizitafuta karibu mwaka mzima, na zamu yangu ya kibati, ule mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu, yote imeingia humo. Boti mpaka bandari ya Mkoani, mdogo katapika mkondoni kama ilivyotarajiwa, halafu gari ya kukodi mpaka kaskazini. Ilikuwa msimu wa karafuu. Kila kijiji majamvi yametandazwa pembezoni mwa barabara, nyengine bado za kijani, nyengine zimeshageuka rangi ya kahawa, na harufu imejaa gari zima. Watoto wangu wamezaliwa mjini Unguja, karafuu wanaijua ndani ya pilau tu. Wale wakubwa wawili walishindana kuhesabu majamvi mpaka wakachanganyikiwa. Siku hiyo nilikuwa na furaha, nasema kweli.

Chumba sina la kukilaumu. Chandarua kizima, maji yanatoka, mashuka yananukia jua.

Asubuhi ya pili ndiyo ya baskeli. Zilikuwa kumi na kitu, zimeegemezwa kwenye ukuta wa banda, zimepakwa rangi mpya ya buluu, zinavutia. Baba yangu alitufundisha tangu utotoni: baskeli usiyoijua, kabla hujapanda bana breki uisukume mbele, gurudumu lisipogoma usipande. Nikaishika ya mtoto nianze kuijaribu. Yule kijana wa baskeli akasema, "Zote zishakaguliwa asubuhi, Bi mkubwa. Tokeni sasa, maji yasije yakajaa mkakosa pwani." Alisema kwa adabu wakati huo. Nikamuachia. Hapo ndipo ninapojilaumu mpaka leo, maana mkono wangu ulishafika kwenye breki nikauondoa.

Njia inatoka mitini inateremka kuelekea baharini. Mwanzo ni mteremko mdogo, halafu inakaza, mchanga juu, mizizi ya mkungu imejitokeza chini. Binti yangu alikuwa mbele yangu, ushungi wake mwekundu unapepea. Nikamsikia anaita, "Mama, haikamati!" Nilimuona vidole vyake vimebana breki mpaka vyuma vimegusana na usukani, mikono yote miwili, kabana kwa nguvu zake zote, na mwendo haupungui hata kidogo. Akajaribu kushusha mguu mmoja auburure mchangani, kama babu yake alivyomuonesha afanye siku breki ikikataa. Gurudumu likagonga mzizi. Kapita juu ya usukani.

Mtoto asiyejua kuendesha hakumbuki kushusha mguu.

Kidevu kilipasuka, goti limechubuka nyama inaonekana. Baba yake kambeba. Mie nikaiinua ile baskeli, nikaitazama pale pale mchangani, na nilichokiona ndicho ninachotaka kila mzazi akijue. Breki ya mbele haikuwa na waya. Walikuwa wametia mshipi wa kuvulia samaki, nailoni, umefungwa mafundo mawili juu na moja chini. Ukibana, mshipi unanyooka tu, mipira haisogei. Breki ya nyuma waya ulikuwepo, lakini mpira umekwisha kabisa, kimebaki kile kibati cha chuma kinachoushika. Na kwenye rimu kuna mchirizi mweupe umezunguka duru nzima, chuma imekula chuma. Mchirizi ule haufanywi na asubuhi moja. Ni wa miezi. Maana yake kuna watoto wa watu wengine waliteremka mteremko ule kabla ya wangu, na kila siku kuna mtu aliyesema zishakaguliwa.

Nikaisukuma mpaka bandani. Kijana alikuwa amekaa na simu yake, hakuinuka. Nikamwambia, "Mwanangu, tazama hiki mlichompa mtoto." Akatupa jicho. "Mshipi huo mgumu kuliko waya," akasema. Nikamuonesha mpira wa nyuma. Akasema wageni wanazipanda kila siku hawaanguki. Nikamuuliza, "Na sie kina nani? Si wageni?" Ndipo aliposema lile neno. Hajui kuendesha.

Hakutamka pole. Kwetu mtu ukijikwaa njiani, hata asiyekujua anakwambia pole akiwa ng'ambo ya barabara. Nilisimama pale naingoja, nakwambia kweli niliingoja, nikiamini itatoka tu. Haikutoka. Nikakipachua kile kibati cha breki ya nyuma, nikakitia mkobani.

Aliyetoka mbio ni mama wa jikoni. Kaja na maji ya moto yenye chumvi na kitambaa safi, kamkalisha mtoto mapajani kama mjukuu wake, kamuosha huku anamwambia "pole mwanangu, pole, lia tu". Sanduku lao la huduma ya kwanza lilikuwa na plasta tatu na mkasi. Gari ya kwenda kituo cha afya tuliitafuta wenyewe. Kidevu kilishonwa nyuzi tatu.

Kwa hiyo msiende. Hilo ndilo nililotaka kuandika jioni ile, na lau simu ingekuwa na mtandao ningeliandika likaishia hapo.

Lakini kuna usiku wa siku ile, nao sina budi niuseme, maana nitakuwa nimedhulumu nisipousema.

Mie nilikuwa nishaanza kufunga mizigo. Binti mwenyewe ndiye aliyekataa. Alikuwa ameahidiwa kutembea msituni usiku na hakuwa tayari kuikosa, kidevu kimefungwa, goti halikunjiki. Baba yake akasema basi, nitakubeba. Mtembezaji alikuwa mzee wa kijiji cha jirani, mtu mwembamba mwenye kofia ya mkono na tochi moja. Alipomuona mtoto mgongoni hakuuliza nani hakujua nini. Akamwambia, "Pole mjukuu wangu. Wewe leo utakaa juu, utaona kuliko sote."

Alitutoa kabla ya magharibi tuwaone popo wakiondoka. Mie popo niwajuao ni wale wadogo wa darini. Hawa wa Pemba ni kitu kingine. Bawa kwa bawa wanafika mita 1.6, wanapiga taratibu kama kunguru aliyechoka, vichwa vyao vya rangi ya machungwa unaviona jua likiwa linazama. Hawapatikani pahala pengine popote duniani. Mzee akatuambia ujanani kwake watu walikuwa wakiwawinda wakiwala, mpaka miaka ya 1980 inakwisha ilikuwa shida kumuona mmoja. Halafu vijiji wenyewe vikaanza kuwalinda, na sasa wanahesabiwa kwa maelfu. Alisema "sie ndio tuliowamaliza na sie ndio tuliowarudisha", na alisema bila kujisifu, kama mtu anayeeleza deni lilivyolipwa.

Tukasali, tukaingia msituni. Msitu ule umewekewa hifadhi tangu 1959 na ukiwa ndani unaelewa kwa nini. Kuna mivule ambayo sisi watano tusingeizunguka kwa mikono. Kuna mpapindi, mti wa jamii ya minazi ulio wa Pemba tu, shina lake lina pete pete kama muanzi. Mzee alimpa binti yangu mkono akaupapasa. Akatuonesha pia palipokuwa na kiwanda cha kupasulia mbao zamani, magogo mangapi yametoka humo Mungu ndiye ajuaye.

Halafu akasema, "Yakhe, zima tochi." Baba watoto akazima. Giza la kule si giza la mjini umeme ukikatika. Mkono wangu mwenyewe sikuuona. Mdogo akanishika kanga akaikunja kwenye ngumi. Tukasimama. Kisha ikatoka sauti moja fupi juu ya vichwa vyetu, "hu", kama mtu anapuliza mdomo wa chupa. Kimya. Ikatoka tena. Na ng'ambo, mbali kidogo, nyengine ikajibu, nyembamba zaidi.

Kwetu bundi ni mkosi. Bibi yao akimsikia juu ya paa huinuka akasoma. Nilihisi mwili umenisisimka, na nadhani mzee alijua, kwa sababu alinong'ona kwamba huyu si wa nuksi, huyu ni wa kwetu, dunia nzima yupo Pemba tu, na wale ni mume na mke wanaitana. Binti yangu akaanza kuwahesabu kwa kidole mgongoni kwa baba yake, kila "hu" kidole kimoja. Alifika ishirini na sita. Mzee akawasha tochi kwa upande, mara moja tu, tukamuona: mdogo kuliko njiwa, rangi ya kutu, kakodoa macho. Akazima upesi asimuudhi.

Tulirudi bila mtu kusema neno. Kitandani binti akanambia lile goti haliumi. Mie nilikaa barazani mpaka usiku mkubwa, nikaona basi, pengine nimekuwa mkali. Kijana ni kijana, hajafunzwa. Msitu kama ule haupatikani, wazee kama yule hawapatikani, na watoto wangu wamekijua kitu cha visiwa vyao wenyewe. Nendeni, nikasema moyoni. Nendeni, ila baskeli msizipande.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeamua mpaka asubuhi ya kuondoka.

Baba watoto akaenda kukamilisha hesabu, akarudi na karatasi kaishika kwa ncha ya vidole. Chini kabisa, baada ya soda na maji, imeandikwa kwa kalamu: uharibifu wa baskeli, usukani kupinda, shilingi 40,000. Nilisoma mara mbili. Nilikwenda mwenyewe kaunta na kile kibati nimekishika. Msimamizi hakuwepo, ameambiwa, atarudi, na boti haimngojei mtu. Mume wangu ni mtu wa sulhu, akalipa. Sikugombana naye mbele ya watoto, lakini zile shilingi 40,000 zinanichoma kuliko zamu nzima ya mchezo wetu wa pesa. Usukani umepinda kwa sababu mtoto kagonga mzizi, kagonga mzizi kwa sababu breki ni mshipi wa samaki, na mshipi kautia nani? Tumeuziwa ajali kisha tukalipishwa.

Nilipofika nyumbani nilimpelekea baba kile kibati. Akavaa miwani, akakigeuza geuza kwenye vidole vyake vyeusi vya grisi, akapitisha ukucha pale palipokuwa na mpira. "Huu umekwisha zamani," akasema. "Mpira wenyewe bei gani?" Akafungua droo yake akanitolea jozi mpya akaiweka mezani. Ni kitu cha kubadilisha kwa robo saa. Kisha akamuita mjukuu wake akamuuliza alifanya nini breki ilipokataa. Akamwambia, nilishusha mguu, babu. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kwenye kazi yake, lakini niliona hakuipata spana aliyokuwa akiitafuta kwa muda.

Juzi kijiji kile kimenitumia ujumbe. Msimamizi anasikitika kwa yaliyotokea, na anatupa mausiku mawili ya bure siku yoyote tutakayo, familia yote. Binti alipoona picha ya msitu kwenye simu yangu aliruka. Anamtaka bundi wake. Na mie, nisiwadanganye, namtaka pia. Nimeandika jibu mara tatu na mara tatu nimelifuta.

Mausiku mawili si nililoliomba. Zile 40,000 wakirudisha nitazipokea, ni haki yetu. Breki watie, wazitie zote, na mama wa jikoni wamnunulie sanduku la dawa lenye dawa. Lakini ninachokingoja ni yule kijana apige simu, aombe kuzungumza na mtoto, amwambie mwenyewe kwa mdomo wake kwamba anajua kuendesha. Nambari yangu wanayo, nimeiandika kwenye daftari lao la mlangoni siku ile ya kwanza tulipofika.