Eti jasho langu ndilo limeharibu pete ya dhahabu nyeupe

"Dada, hilo ni jasho lako, lina chumvi kali." Sonara alinijibu hivyo mbele ya wateja, tena ni yeye aliyeniuzia pete. Ilikuwa imeanza kupiga manjano upande wa kiganjani, mahali panaposuguana na kila ninachoshika.

Siku ya kununua hakutaja kwamba weupe ule unaomeremeta ni mchovyo wa rodiamu, madini meupe yanayong'aa, juu tu. Chini yake, pete ya karati 18 ni dhahabu robo tatu, na robo iliyobaki ni madini kama paladiamu au nikeli, kwa hiyo umanjano haufutiki wote. Ukiivaa kila siku, baada ya mwaka mmoja au miwili inataka kuchovywa upya. Ni matunzo ya kawaida kabisa! Kusema hivyo kungemgharimu nini?

Nikamwachia. Hapo ndipo aliponimaliza. Kabla ya kuchovya lazima pete ing'arishwe ili michubuko itoke, sawa, lakini kila ukisugua unaondoa dhahabu. Huyu bwana amesugua mpaka muhuri wa 750 ndani ya pete, alama ya hiyo robo tatu ya dhahabu, unausoma kwa kukisia, na kucha mbili zinazoshika jiwe zimekonda. Halafu akaitumbukiza kwenye mashine ya kusafishia kwa mitetemo bila kukagua kama jiwe limekaza. Nimeichukua, jiwe linacheza. "Lilikuja hivyo hivyo, mama." Dakika chache tu nimepandishwa cheo kutoka dada hadi mama.

Nikiri, weupe umetoka safi, pengine kuliko ilipokuwa mpya, na kwa hilo nilitaka kumpa nyota tatu. Nimegusa jiwe tena sasa hivi. Moja.

Siku hizi naisafisha mwenyewe: maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, mswaki laini, nakausha kwa kitambaa. Dawa ya meno marufuku, inakwaruza. Nikifua kwa dawa ya klorini au nikienda kuogelea naivua, maana klorini hushambulia dhahabu nyeupe, hasa yenye nikeli, na kucha za pete yangu hazina unene wa kupoteza tena.

Kucha atazijaza sonara mwingine. Huyu labda ningemrudishia kwa kuchovya tu, bila kusugua. Hapana, hata kuchovya asiniguse.