Kazimierz Dolny na Sandomierz: miji miwili ya Mto Vistula

Miji hii ya kusini-mashariki mwa Poland imekaa juu ya udongo laini ulioletwa na upepo zama za barafu, ambao maji ya mvua yameuchimba kuwa makorongo yenye kuta wima. Kazimierz Dolny, wenye wakazi wapatao 2,500, umejibana kwenye ukingo wa mashariki, ilhali Sandomierz, ulio mkubwa karibu mara kumi, umepanda kilimani upande wa magharibi.

Kazimierz ulitajirishwa na nafaka iliyosafirishwa kwa mto hadi bandari ya Gdańsk katika karne ya 16 na ya 17, na baadhi ya maghala ya mawe yangalipo. Fahari ya wafanyabiashara inaonekana zaidi katika nyumba mbili za ndugu wa ukoo wa Przybyła, za mwaka 1615, ambapo Mtakatifu Kristofa aliyechongwa ukutani, mkubwa kuliko madirisha, amembeba mtoto Yesu begani. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, takriban nusu ya wakazi walikuwa Wayahudi, lakini Wanazi waliwaangamiza.

Sandomierz ni mkongwe zaidi: Wamongolia waliuvamia mwaka 1241 na tena 1260, ndipo ukapewa hati mpya ya mji mwaka 1286. Utajiri wake ulifichwa chini, katika maghala yaliyochimbwa chini ya nyumba, ambayo leo yameunganishwa kuwa njia ya wageni. Kwa mpenda historia ya kale, ningeuchagua huu, ingawa kwa uzuri wa uwanja wa soko Kazimierz hauna mpinzani.