Train to Busan: muvi ya mazombi kwa macho ya konda

Mimi ni konda. Huu mwaka wa tisa nasimama mlangoni, Mbagala–Kariakoo, na kitu ninachokijua vizuri ni mlango. Najua nani anaingia kwa kiwiko, nani anampisha mama mwenye mtoto mgongoni, na nani akishapata kiti anapiga bati, "Twende zetu, gari imejaa!", wakati wenzake bado wananing'inia. Kwa hiyo nikisema hii ndiyo muvi bora ya mazombi niliyowahi kuiona, naiongelea kwa kazi yangu.

Train to Busan ni ya Korea Kusini, ilitoka 2016. Mwongozaji ni Yeon Sang-ho, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtu wa katuni. Hii ndiyo yake ya kwanza ya kuigizwa na watu. Kwao peke yake iliuza tiketi zaidi ya milioni 11. Gong Yoo ni Seok-woo, baba anayesimamia fedha za wawekezaji na hana muda na mtu, anampeleka binti yake Su-an Busan, kwa mama wa mtoto. Treni ya mwendokasi inataka kuondoka Seoul, dada mmoja mwenye jeraha mguuni anajirusha ndani. Hazipiti dakika nyingi, behewa zima limegeuka mazombi.

Mazombi wa humu hawaburuti miguu. Wanakimbia, viungo vinakatika-katika, wanapandiana migongoni kama abiria wa saa kumi na mbili jioni gari ikitokeza Kariakoo. Lakini wana udhaifu wao: wanashambulia wanachokiona, na mlango wa kuvuta pembeni hawajui kuufungua. Anayeligundua hilo ni Seong-kyeong, mama mjamzito. Wamejazana nyuma ya kioo, meno nje, na yeye anakimwagia kioo maji ya chupa na kubandika gazeti, karatasi moja baada ya nyingine. Kioo kikishazibwa, vurugu inapoa. Maji na gazeti tu! Pale ndipo nilipojua aliyetunga hadithi hii ametumia akili.

Treni ikiingia kwenye handaki, giza, mazombi hawaoni tena, na watu wanapita juu ya rafu za mizigo bila kupumua. Hapo nina ushauri. Mara ya kwanza niliitazama kwenye kibanda cha video, imetafsiriwa kwa sauti, na mtafsiri aliongea handaki zima. Nawapenda watafsiri, wamenifungulia muvi nyingi, ila hii tafuteni yenye sauti yake na maandishi chini. Mara ya pili, kwenye kompyuta ya mpwa wangu, nilisikia ule ukimya wenyewe, na mgongo ukanisisimka.

Kibanda kizima kilimshangilia Ma Dong-seok, yule bonge aliyeigiza Sang-hwa, mume wa Seong-kyeong, anapojifunga mikono kwa utepe na kuanza kutembeza ngumi. Haki yake. Mimi lakini kilichonibana kifua kilitokea kabla ya hapo: Sang-hwa anakimbia na mkewe mjamzito, na Seok-woo anawafungia mlango usoni, binti yake anaona. Tena ndiye anayemfundisha huyo mtoto kwamba wakati kama huu kila mtu aangalie lake. Sura ya Su-an pale, Kim Su-an aliyemwigiza alikuwa mtoto mdogo kabisa, lakini anamtazama baba yake kama mtu mzima aliyevunjiwa ahadi.

Kasoro ipo. Yong-suk, yule bosi wa kampuni ya mabasi, ni mbaya kupita kiasi. Anawasukumia mazombi mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Abiria wabinafsi nawabeba kila siku, na wengi wakishafanya ubaya wanageukia dirishani kwa aibu. Yeye ubinadamu wanampa mwisho kabisa, nimeshachoka naye. Na muziki wa dakika za mwisho unalazimisha machozi ambayo yangekuja yenyewe.

Inakwenda dakika 118, sikuona pa kuchoka. Mwanangu wa miaka kumi sikumruhusu, damu ni nyingi. Halafu mkishaiona, mtapanda SGR, treni yetu ya umeme, kwa macho mengine: treni zetu za mchongoko nazo zimetengenezwa Korea Kusini, na safari yangu ya Morogoro niliimaliza nikitazama kile kioo kati ya behewa na behewa.

Ambaye hajaiona aishie hapa.

Kuna bibi wawili, ndugu, In-gil na Jong-gil. Mkubwa alikuwa mtu wa kutoa tu, maisha yake yote. Walionusurika wakipigania kuingia, waliomo ndani wanawafungia, na yule bibi mkubwa anabaki nje, anageuka zombi. Jong-gil anamtazama kupitia kioo. Kisha anawatazama hawa aliokaa nao, walioufunga mlango na sasa wanajiona wamepona. Anainuka polepole, hana haraka wala hasira, anaufungua.

Kibandani watu walimtukana yule bibi. Mimi nimeirudia mara nne, na mara zote nne nikifika hapo mkono wangu unashuka taratibu pembeni ya kiti, kule linakokaa komeo la gari yetu.