Sienta yangu na fundi wa waya

Anayetaka gari la Toyota Sienta la zamani, lile lenye taa za mviringo, anisikilize kwanza. Usinunue yenye mlango wa umeme, ule unaojisukuma wenyewe kwenye reli. Basi!

Yangu ilitoka bandarini haina tatizo. Masika mlango wa kushoto ukaanza kulia, unafika nusu unasita, unarudi. Nikaipeleka kwa fundi, jina nalisitiri. Hata kuinama aitazame reli hakuinama. "Bibie, gari hizi zataka kubembelezwa, nyie mnazivuta tu." Mbele za watu! Jioni naenda kuichukua, mlango kaufunga kwa ndani na waya wa kufungia nondo, kaukaza kwa koleo mpaka ncha zinachoma. Na pesa akataka kamili, ati kelele si zimekwisha?

Wajapani wanapita kushoto kama sisi, ndiyo maana umeme kwenye yangu uko upande huo, mtoto ashukie ukingoni. Wangu wakawa wanashukia kulia, Darajani, katikati ya Vespa na daladala. Mama mkwe na magoti yake yale akawa anavuka viti kama anapanda ngalawa, kimya, lakini jicho alilokuwa akinipa!

Kinachoniuma zaidi, gari hii ni mlango. Toyota waliitoa 2003. Mwaka 2008 wakaleta Passo Sette iwe badala yake, viti saba vile vile, ila milango ya bawaba, inayofunguka kwa nje kama ya teksi. Haikushika. Sienta ikasimamishwa 2010, na 2011 wakairudisha sokoni. Waseme wanavyosema, mie najua walichokifuata wanunuzi: mlango wa kusukuma. Halafu mtu anakuja kuufunga waya!

Juzijuzi kijana mmoja wa mtaani kwetu kaukata ule waya, kachokoa reli kwa bisibisi, ukatoka mchanga wa pwani umegandana na grisi kuukuu. Kabadilisha beringi moja. Mota kaiacha imezimwa, sasa nausukuma kwa mkono, unateleza wenyewe. Na viti vya nyuma, vile vinavyozama chini ya viti vya kati, nimevikunja nikapakia gunia la mchele na mikungu ya ndizi, nafasi ikabaki.

Kwa hiyo nunueni. Hata ya umeme nunueni, ila reli isafisheni, mchanga wetu mnaujua.

Na yule bwana wa waya, kama anasoma hapa: pesa yangu naitaka. Waya wako nimeuweka, njoo uuchukue.