Peso ya Cuba ya 1897: nyota nne nimezifuta, nabakiza moja

Jana nilimpa muuzaji huyu wa sarafu nyota nne. Usiku sikulala, leo nazifuta.

Kwa muda mrefu nilikuwa naisaka peso ya Cuba ya 1897, ile yenye neno SOUVENIR, iliyouzwa Marekani kwa dola moja kuchangia vita vya kumng'oa Mhispania. Ziko za aina tatu, na mambo yote yako kwenye mwaka. Ya kwanza tarakimu zake zimeachana, na hizo zilipigwa 828 tu. Mbili zilizobaki tarakimu zimebanana, hapo sasa unaitazama nyota iliyo kando ya 97: imeshuka chini ya mstari wa miguu ya tarakimu, au imepanda juu yake. Basi. Hata mwanangu wa darasa la nne anaweza.

Bwana huyu aliitangaza kuwa ya zile 828, na bei akaipandisha ipasavyo. Kwenye picha, mng'ao wa taa umeangukia palepale penye mwaka. Nikamwomba kwa adabu anipigie nyingine. Jibu: "Unanunua au unasoma?" Mimi, mtu mzima, na pesa yangu mkononi! Na kwa ujinga wangu nikalipa.

Bahasha ikafika baada ya wiki kadhaa. Nikaiweka sarafu chini ya taa ya mezani, lenzi mkononi. Tarakimu zimebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni, na nyota iko chini. Aina ya pili, zilizopigwa zaidi ya elfu nne! Lenzi yenyewe sikuihitaji.

Nikamwandikia. Akanijibu kwamba nyota ni nyota, na kwamba "ninyi mnaoanza" mna kelele. Nikitaka kurudisha, nauli juu yangu.

Haki yake nimpe: sarafu ni nzuri. Haijasuguliwa, weusi wa fedha kuukuu umetulia kwenye mawimbi ya nywele za yule mwanamke aliye kwenye sarafu, na muuzaji alifunga mzigo kwa uangalifu kuliko wengi. Ndiyo maana ya zile nne. Halafu nakumbuka "unanunua au unasoma", damu inachemka upya. Moja. Tena hiyo moja ni ya yule mwanamke, si yake.

Mke wangu ananiuliza, mbona basi siirudishi? Nimenyamaza. Iko hapa mezani, naiangalia.