Helmeti ya mtumba yenye kebo tai, nimeivaa msimu mzima wa kunguru hapa Malindi

Naanza na bei manake ndo kitu watu huniuliza kwanza: mia tisa. Fundi alianzia elfu moja na mia tano, nikamwambia ami hii kitu imeshavaliwa na vichwa vingapi mpaka ikafika kwangu, akacheka, tukashuka shuka mpaka mia tisa na kebo tai, zile plastiki za kufungia nyaya, akanifungia bure. Ni helmeti ya baiskeli ya kawaida, zamani ilikuwa nyekundu, sai imepauka kama nyama iliyokaa nje. Sponji ya ndani imelika upande mmoja lakini strapu za kidevuni ziko sawa na klipu inafunga. Nadhani ni ya Mtaliano manake ndani kuna sitika ya Kitaliano, na kwa Malindi hilo si ajabu hata kidogo, mji huu hata paka anaelewa ciao.

Sasa mtaani washanicheka vya kutosha kwa hivo nyinyi msinicheke, wacha nieleze kwanini mtu mzima anavaa kofia yenye miiba kama nungunungu kwenda kupeleka mahamri.

Mamangu huchoma mahamri na mi ndo msambazaji. Alfajiri napeleka ndoo ya kwanza mjini kwenye vibanda vya chai, halafu kama saa moja kushapambazuka napeleka ya pili upande wa Silversand na barabara ya Casuarina ile ya kwenda Marine Park, kuna wateja wangu pale wafanyikazi wa mahoteli na walinzi. Mwaka mzima ni raha tupu, barabara ina miti, upepo wa bahari, baiskeli inajiendea. Lakini kuanzia kama mwezi wa tisa hivi mambo hubadilika, kuna mti mmoja mkubwa wa mkungu unainamia barabara na juu yake kuna kiota cha kunguru, hawa weusi wenye shingo ya kijivu, kurabu.

Siku ya kwanza sikumwona kabisa. Unasikia upepo wa bawa sikioni halafu ko! kisogoni, na ukigeuka ashapaa yuko kwenye waya wa stima anakuangalia kama si yeye. Nikadhani ni mahamri, manake kunguru na mahamri mnajua wenyewe. Kesho yake nikafunika ndoo na kifuniko, nikafunga na mpira juu, ko! Siku ya tatu nikapita narudi ndoo tupu, haina hata chembe, ko! Hapo ndo nikainua macho nikaona kiota nikaelewa kwamba huyu hataki mahamri, huyu ana watoto.

Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hawajapita Casuarina hao.

Siku ya nne ndo mbaya. Nilikuwa nimeshajiandaa, nimeinamisha kichwa, nikasikia ule upepo nikakwepa, na kukwepa ndo kosa, baiskeli ikaingia katikati ya barabara na nyuma kuna tuktuk. Yule dereva Mungu ambariki alishika breki mpaka ikalia, mi nikaenda na mchanga, ndoo ikafunguka na mahamri kama sitini yakatapakaa kwenye lami. Goti likachubuka, kiwiko kikachubuka. Na kunguru? Wakaja ukoo mzima, wakala mpaka ya mwisho mi nimekaa kando naangalia. Nyumbani mamangu swali la kwanza aliuliza ndoo iko wapi.

Ndo nikaenda kwa huyu fundi. Ana kibanda cha baiskeli si mbali na soko kuu, anaziba pancha, anapanga spoku, na ukutani ananing'iniza vitu vya mtumba, taa, kengele, helmeti tatu nne. Nikamweleza shida yangu nikitegemea atacheka, hakucheka, akasema mwanangu we si wa kwanza, kila mwaka miezi hii watu waja hapa wamepigwa vichwa. Kebo tai ni wazo langu lakini, nililipata kwa binamu yangu.

Huyu binamu yuko Brisbane huko Australia, na nilipomtumia picha ya goti akanijibu na vicheko halafu akanitumia vidio. Kumbe kwao hii ni shida ya nchi nzima. Ndege wao anaitwa magpai, mweusi mwenye mabaka meupe, ukimwona haraka utadhani ni yule kunguru wetu wa asili mwenye fulana nyeupe, lakini si jamaa hata kidogo, ukoo wake ni mwingine. Kila mwaka kuanzia mwezi wa nane, na wa tisa ndo kilele, madume wanalinda viota na waendesha baiskeli ndo wanaoipata zaidi. Anasema madume wenye tabia hio ni wachache, hata hawafiki kumi katika mia, ila huyo mmoja akiwa kwenye njia yako ya kazini inatosha. Watu wanachomeka kebo tai kwenye helmeti zisimame kama miiba, wengine wanachora macho kisogoni. Na helmeti yenyewe kwao ni sheria tangu miaka ya tisini mwanzo, huwezi kupanda baiskeli kichwa wazi.

Nikaona ni kichekesho tu mpaka akanieleza habari ya Septemba 2019 karibu na Wollongong, mzee wa miaka 76 alikuwa anamkwepa magpai na baiskeli yake, akatoka njiani akagonga nguzo ya ua, kichwa kikaumia, akafariki. Ndege hakumgusa pengine, kilichomuua ni kule kukwepa. Wallahi nilikumbuka ile tuktuk nikanyamaza.

Haya tuje kwenye helmeti. Nimeivaa kutoka mwisho wa mwezi wa tisa mpaka mwaka ukaisha, kila siku isipokuwa Ijumaa na wiki moja ya homa, kwa hivo naongea na ushahidi.

Kazi yake ya kwanza imefanya mia kwa mia. Kunguru akipiga anapiga helmeti, mi nasikia mlio tu kama mtu amenidonyoa na kijiko. Na hapa ndo pesa yangu ilipokwenda, si kwamba ndege ameacha kuja, HAJAACHA, ni kwamba mi nimeacha kukwepa. Nasikia upepo wa bawa, nakaza mikono, napita mstari wangu ulele, tuktuk ipite, boda ipite, hainihusu. Nani angejua amani ya roho inauzwa mia tisa karibu na soko.

Kebo tai sasa. Fundi alinifungia kumi na mbili, ndefu, zimesimama pande zote. Siku mbili za kwanza wallahi nilidhani nimepata dawa, kunguru alikuja akafika kama mita moja akageuka. Siku ya tatu akaja pembeni. Siku ya tano akaja kama hajaziona. Binamu anasema hata huko kwao wanabishana kama zinasaidia au watu wanajifariji tu. Mi nasema zinasaidia kidogo mwanzo, halafu zinabaki kuwa pambo, na pambo lenyewe ni lile la kufanya watoto wa madrasa wakuimbie nungunungu kila asubuhi. Pia zinanasa. Zinanasa kwenye matawi, zinanasa kwenye kamba za nguo, siku moja zilinasa kwenye pazia la mteja wangu nikaondoka nalo.

Macho nilichora mwenyewe na maka peni nyeupe. Kunguru hakujali. Aliyejali ni mama mmoja nyuma yangu kwenye foleni ya M-Pesa, aliruka.

Kasoro nyingine ni joto. Kaskazi ikianza kuvuma na jua la mwezi wa kumi na mbili, ndani ya kile kitu ni kama kuvaa sufuria, jasho linashuka mpaka kwenye macho. Sponji inanuka, nimeiosha na sabuni nikaianika, wiki moja imerudi pale pale. Na saizi imenibana kidogo, fundi alisema itajilegeza, ami, plastiki haijilegezi. Ukivaa kofia ya kitambaa ndani inakaa vizuri zaidi na jasho linanyonywa, hio ni siri nawapa bure.

Lakini kuna jambo sikumwambia fundi na lazima niliseme hapa manake bila hilo hii tathmini itakuwa nusu uongo. Wiki ile ya kwanza, baada ya kuanguka, nilirudi pale jioni nikarusha mawe kwenye kile kiota. Mawe matatu. Hakuna hata moja lililofika lakini kunguru waliniona, walikuwa wawili juu ya waya wamenitazama vizuri kabisa.

Sasa sikilizeni. Mdogo wangu alichukua baiskeli yangu hio hio wiki nilipokuwa na homa, ndoo hio hio, njia hio hio, kichwa wazi. Siku sita hakuguswa. Nikapona nikarudi, siku ya kwanza tu, ko. Nikaanza kusoma soma kwenye simu nikakuta kwamba huko Seattle, chuo kikuu cha Washington, mwaka 2006 mtafiti mmoja John Marzluff na wenzake walivaa barakoa wakakamata kunguru wakawafunga alama wakawaachilia, basi miaka ikapita na kunguru wa pale bado wanamzomea kila anayepita na barakoa ile, mpaka kunguru ambao hawakukamatwa wakajifunza kutoka kwa wenzao. Wale ni kunguru wa Marekani, aina nyingine, lakini mi nikiangalia yangu naona kabisa huyu ananijua kwa sura. Nilipomwambia fundi hatimaye akaniangalia muda mrefu halafu akasema, "Mwanangu, ndege yuwakuona wewe ndo mwizi." Akarudi kwenye pancha yake.

Kwa hivo hio sehemu siwezi kuikata nyota helmeti. Hio ni yangu.

Najua kuna watu watasema uweni tu kunguru wenyewe. Ndege hawa si wa huku, waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 wasafishe taka, Mombasa wakaonekana 1947, leo wako kila jaa la pwani na wanakula mayai na makinda ya ndege wa asili. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni moja kwa sumu maalum. Mi huko siingii, hayo yana wataalamu wake. Mi shida yangu ni mti mmoja na mwezi mmoja na nusu. Manake ukipiga hesabu, mayai wanaatamia kama wiki mbili na siku kidogo, halafu makinda wiki tatu nne mpaka waruke, na siku kinda likianguka chini kabla halijajua kuruka ndo usipite kabisa karibu, hio siku hata helmeti ya pikipiki haikutoshi.

Kitu kilichonisaidia zaidi ya kebo tai na macho hakikuuzwa na mtu. Ni kushuka. Kabla ya mkungu nashuka, nasukuma baiskeli hatua kama mia, helmeti kichwani, namwangalia kunguru machoni nikitembea, halafu napanda tena. Wale wa Australia ndo wanavofanya, binamu aliniambia mapema mi nikaona ni uvivu. Akikuona unamtazama mara nyingi anakaa kwenye waya anapiga kelele tu. Nachelewa dakika mbili. Mahamri hayapoi kwa dakika mbili.

Mwezi wa kwanza watu wa stima walikata yale matawi yanayogusa waya na kiota kikaanguka, kitupu, makinda yalisharuka zamani. Nikakiokota kwa udadisi. Nusu yake ni vijiti na nusu ni waya, waya wa kabati, waya wa ua, na katikati spoku mbili za baiskeli zimekunjwa vizuri utadhani fundi ndo amezikunja. Nikampelekea. Akazichomoa, akazinyoosha kidogo na koleo, akaziangalia, akasema hii moja bado inafaa.

Nyota tatu na nusu. Nne kama kichwa chako ni kidogo kuliko changu. Nilipopita juzi fundi alikuwa amebaki na helmeti mbili, ya buluu ndogo inafaa mtoto wa shule, na nyeupe moja nzuri sana lakini klipu yake imevunjika na amefunga kamba, hio akikuambia zaidi ya mia tano kataa.