Linux Mint kwenye laptopu ya mtumba: uzoefu wangu na waifai iliyogoma

Kwa mwenye haraka: Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows, naitumia kazini kila siku, nimeridhika nayo na sina mpango wa kuiacha. Ila waifai ndiyo itakayokupima, hasa kama laptopu yako ni ya mtumba na kadi ya waifai iliyomo ndani hukuichagua wewe. Nimeona watu wakirudi Windows siku ileile waliyoweka Linux, wakiamini haishiki mtandao. Inauma, maana mara nyingi tatizo huwa dogo na mfumo wenyewe uko tayari kukuonyesha liko wapi, mradi ujue pa kuuliza.

Nina steshenari ndogo Morogoro. Tunachapa, tunatoa kopi, na msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika tunajaza fomu za wanafunzi mtandaoni tangu tunafungua hadi tunafunga. Mtandao ukikatika fomu ikiwa nusu, mwanafunzi kasimama mbele yako na siku ya mwisho iko karibu, huna maneno ya kumpa. Laptopu zetu zimetumika kabla hatujazipata na hazifikii masharti ya Windows 11. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ilibaki kununua mashine mpya au kubadilisha mfumo. Nikachukua Linux Mint 22, toleo la Julai 2024. Limejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, na linapata masasisho ya usalama hadi mwaka 2029. Hiyo miaka ndiyo iliyonivuta.

Laptopu ya kwanza ina kadi ya Intel na sina kikubwa cha kusimulia. Nilichomeka flashi, Mint ikafunguka, majina ya waifai za majirani yakajipanga pale chini kulia. Draiva ya kadi hizo, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, inaitwa iwlwifi, nayo imo ndani ya kerneli, kile kiini cha mfumo. Kadi nyingi za zamani za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k ni hivyohivyo. Zile za kuchomekwa kwenye ubao wa laptopu hazihitaji hata fimuwea, yaani ile programu ndogo ambayo kadi nyingine lazima zipakiwe kila zinapowaka.

Ya pili ndiyo iliyonifundisha. Kadi yake ni ya kampuni nyingine ya chipu, na draiva yake haijawekwa wazi, kwa hiyo haiwezi kukaa ndani ya kerneli. Mint ilifunguka vizuri, sauti ipo, kioo safi, lakini kwenye alama ya mtandao neno waifai halikuwepo kabisa.

Hapa kuna jambo la kufanya kabla ya lolote, nalo ni kujipatia intaneti kwa njia nyingine. Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa chaji unaopitisha data, kisha kwenye mipangilio ya simu washa kushiriki intaneti kwa USB. Mint inaiona simu kama mtandao wa waya, bila draiva ya kuongeza. Na simu ikiwa yenyewe imeunganishwa na waifai ya ofisini, kwa kawaida itapitisha waifai hiyo hiyo kwenda kwenye laptopu, bando lako lisiguswe. Hili peke yake lingewaokoa wengi waliokata tamaa, kwa sababu draiva inatakiwa kupakuliwa na huna cha kuipakulia.

Halafu fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

lspci -nnk

Tafuta palipoandikwa Network controller. Chini yake kunatakiwa kuwe na mstari unaoanza Kernel driver in use. Kadi ikionekana na mstari huo ukawepo, draiva inafanya kazi, tafuta kosa kwingine. Kadi ikionekana bila mstari huo, huna draiva. Kadi isipoonekana kabisa, jaribu lsusb, maana baadhi zimeungwa kwa njia ya USB ndani kwa ndani. Ikikosekana huko pia, angalia kama imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya mfumo, au imelegea mahali pake. Mambo matatu tofauti, na dawa zake hazifanani. Mtu anayeanza kunakili amri alizookota huku na kule kabla ya kujua lake ni lipi kati ya haya ndiye anayeishia kuweka mfumo upya.

Yangu ilikuwa hali ya pili. Nikafungua Driver Manager kwenye menyu, ikaitambua kadi na kupendekeza draiva. Kazi nzuri sana wamefanya hapa. Tangu Mint 21.1, hata ukiwa huna intaneti programu hiyo inakutaka uchomeke flashi uliyowekea mfumo, nayo inaifungua na kutafuta draiva humo. Nikachagua, ikaweka, nikawasha upya. Waifai bado haikutokea.

Sababu ilikuwa Secure Boot, ulinzi wa mashine unaozuia programu zisizothibitishwa wakati wa kuwaka, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijaona ikielezwa vizuri kwa Kiswahili. Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli haikubali draiva isiyo na saini inayotambulika. Draiva zinazokuja na kerneli zimeshasainiwa. Hii ya nje inatengenezwa papo hapo ndani ya mashine yako na chombo kinachoitwa DKMS, na inasainiwa kwa ufunguo wa mashine yako mwenyewe, ufunguo ambao bado haujaidhinishwa. Ukijaribu kuipakia kwa sudo modprobe ukifuatisha jina la draiva, unajibiwa Key was rejected by service. Ukiona maneno hayo, usiifute draiva. Haina kosa.

Wakati wa kuweka draiva unaombwa kutunga nywila ya muda. Unapowasha upya, kabla Mint haijafunguka, kinakuja kioo cha bluu. Kioo hicho kinangoja sekunde chache tu. Usipobonyeza kitufe kinapita na mashine inawaka kama kawaida, bila ufunguo kuidhinishwa. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, andika ile nywila, washa upya. Tunga nywila ya herufi za kawaida na tarakimu, maana kibodi pale inasomwa kwa mpangilio wa Kimarekani, na alama za ajabu zinaweza kukukwamisha. Kioo kikikupita, kiite tena kwa amri hii:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

Wapo wanaoshauri kuzima Secure Boot kabisa kwenye BIOS. Inafanya kazi. Mimi naona ni afadhali kuidhinisha ufunguo, kwa sababu ni shughuli ya dakika chache na ulinzi unabaki, na kwenye mashine inayoshika vyeti na namba za vitambulisho vya watu ulinzi huo nautaka.

Baada ya hapo waifai ikawaka, ikashika ruta, na ndipo likaja lililonichosha kuliko yote. Vimistari vimejaa, mtandao umeunganishwa, lakini ukiacha kompyuta kidogo halafu ukabonyeza kitu, ukurasa unazunguka tu. Mara unafunguka kwa kasi, mara unakwama. Ukiwa na hali hii ni rahisi sana kumlaumu mtoa huduma ya intaneti na kununua bando jingine. Pima kwanza. Andika ip route, chukua namba iliyo baada ya default via, hiyo ndiyo ruta yako, kisha andika ping ukifuatisha namba hiyo, amri inayoiita ruta na kupima muda inaochukua kujibu. Ruta iko chumba kilekile, kwa hiyo majibu yanatakiwa kuja kwa milisekunde chache. Kwangu yalikuwa yanaruka hadi mamia, yanatulia, yanaruka tena. Maana yake tatizo liko kati ya laptopu na ruta, na mtoa huduma hahusiki.

Ilikuwa kadi inasinzia ili kuokoa betri. Jina la kadi unalipata kwa iw dev. Mara nyingi huanza na wl, mfano wlp2s0. Kisha:

iw dev wlp2s0 get power_save

Ikijibu on, izime kwa muda uone tofauti:

sudo iw dev wlp2s0 set power_save off

Ping zikitulia umempata mwizi wako. Ili mabadiliko yadumu, fungua kwa ruhusa ya msimamizi faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf, mle kuna mstari wifi.powersave = 3. Badilisha 3 iwe 2, hifadhi, halafu andika sudo systemctl restart NetworkManager. Betri itaisha mapema kidogo. Kwa mashine inayokaa kwenye umeme dukani sijali hata kidogo, na tangu nibadilishe namba hiyo sijapoteza fomu ya mtu katikati.

Kuna mengine nimekutana nayo kwa mashine za wateja, nayataja haraka. Waifai inaonekana imezimwa na haiwashiki: andika rfkill list. Soft blocked inaondolewa kwa rfkill unblock wifi. Hard blocked ni swichi ya pembeni au kitufe cha kibodi, huwezi kuiondoa kwa amri. Mashine yenye Windows na Mint pamoja, waifai inakufa kila inapotoka Windows: zima Fast Startup huko Windows, kwa sababu haizimi mashine kikamilifu na kadi inaachwa katika hali isiyoeleweka. Ukiweza kuita 1.1.1.1, namba ya seva iliyo kwenye intaneti, kwa ping lakini majina ya tovuti hayafunguki, waifai yako ni nzima, kinachokwama ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Na hotspoti ya simu isipoonekana kwenye laptopu ilhali simu nyingine zinaiona, mara nyingi simu inarusha kwa gigahezi 5 na kadi ya laptopu inajua 2.4 peke yake. Badilisha kwenye mipangilio ya hotspoti. Kinachofanana na hicho ni ruta iliyowekwa chaneli ya 13. Kadi inayodhani iko Marekani haitaiona, kwa kuwa huko mwisho ni chaneli ya 11. Angalia kwa iw reg get, kisha sudo iw reg set TZ, au KE kwa walio Kenya.

Sasa yale nisiyoyapenda. Ujumbe wa alama ya mtandao ni mfupi mno: inakuambia muunganisho umeshindikana bila kusema kwa nini, na nywila mbovu inafanana na mawimbi dhaifu. Sababu zipo, lakini ziko kwenye journalctl -u NetworkManager -b, mahali ambapo karani wangu hawezi kwenda peke yake. Hili linaumiza kwa sababu mfumo mwingine wote ni rahisi kwa mtu wa kawaida.

La pili ni masasisho ya kerneli. Kama draiva yako ni ya ndani ya kerneli, huna wasiwasi. Kama ni ya nje, DKMS inalazimika kuitengeneza upya kwa kila kerneli mpya, na ikishindwa unaamka huna waifai. Tiba ya haraka ni kuwasha upya, kuingia Advanced options kwenye menyu ya kuanzia na kuchagua kerneli ya zamani. Kwa hiyo usifute kerneli iliyokuwa inafanya kazi hadi mpya ikae vizuri, na sasisha siku ambayo huna foleni ya wateja. Ukitaka kujua kilichotokea, dkms status itakuonyesha kama draiva imewekwa kwa kerneli unayotumia.

Kwa wanaofikiria kununua adapta ya USB ili wamalize kelele: inawezekana, lakini maandishi ya Linux kwenye boksi yasikutoshe. Mara nyingi humaanisha CD yenye draiva iliyoandikwa kwa kerneli za zamani. Kinachotakiwa kujulikana ni chipu iliyomo na kama draiva yake imo ndani ya kerneli unayotumia. Kubadilisha kadi ya ndani kwa ya Intel ni njia nzuri zaidi na kadi za mtumba si ghali, ila kuna laptopu ambazo BIOS yake inakubali kadi za orodha yake tu, uliza kabla ya kulipa.

Kama bado hujanunua laptopu, una nafasi nzuri kuliko niliyokuwa nayo. Nenda dukani na flashi yenye Mint. Mwombe muuzaji akuruhusu kuiwasha kwa flashi, haigusi chochote kwenye diski. Unganisha na hotspoti ya simu yako, andika lspci -nnk, iache wazi kidogo huku mkizungumza bei, kisha piga ping tena. Ikitulia, lipa. Waifai isipojitokeza kabisa, omba akuonyeshe nyingine.